Mashine Niliyoikataza Kusema Sijui

Kompyuta ya mradi wetu wa maji ilinunuliwa kwa mfanyabiashara mmoja wa pale Mbinga mjini, mzee mwenye asili ya Kilwa aliyeuza sabuni, baiskeli na mabati. Soko huria lilikuwa limeingia na kila mtu alikuwa anauza kila kitu. Mzee yule aliapa kwamba mashine ni kamili, haina kasoro. Nilipoifungua nikakuta tundu tupu kwenye ubao wake, mahali ilipotakiwa kukaa chipu ya hesabu. Lilikuwa kama pengo la mtoto wa darasa la kwanza. Nilimrudia dukani nimefura. Akanikaribisha kahawa, akaniuliza kwa upole, "Binti yangu, kwani haiwaki?" Ilikuwa inawaka. Nikanywa kahawa yake, nikaondoka.

Nilikuwa nimerudi kutoka chuoni Dar es Salaam na cheti cha elektroniki, wakati ambao serikali ilishaacha kuajiri. Waliotutangulia walipangiwa kazi kabla hata hawajafunga masanduku; sisi tulipewa mkono wa heri. Nyumbani nilikuwa nimeondoka kwa vigelegele na nimerudi kimya kimya. Mama alipoulizwa binti yake anafanya kazi wapi, alikuwa anajibu, "Anapumzika kwanza." Nilipumzika mpaka nikaanza kupita njia za mashambani nisikutane na watu. Kwa hiyo Bruda wa misheni, aliyesimamia mradi wa maji katika vijiji vya upande wa Mapera na Maguu, aliponiita nimsaidie mahesabu, ningekubali hata kama angeniita kufagia.

Maji yenyewe yalikuwa ya mserereko. Hayana pampu wala injini: yanatoka kwenye chemchemi mlimani na kushuka kwa uzito wake hadi vijijini, mradi tu bomba lisipande mahali ambapo maji hayana nguvu ya kupanda. Bruda alikuwa ametumiwa na rafiki zake wa ng'ambo programu ya kukokotoa mambo hayo. Unaipa umbali na kimo cha kila kigingi kilichochomekwa kwenye njia ya bomba, nayo inakwambia bomba liwe nene kiasi gani na maji yatakuwa na nguvu gani kwenye kila kilula, yaani bomba la kuchotea. Tatizo ni kwamba programu hiyo ilikuwa inaiita chipu ya hesabu. Ikiita, hakuna anayeitika, mashine inaganda.

Nikamwambia Bruda kwamba naweza kuandika programu nyingine ya kujifanya chipu. Kila ile kubwa ikiita, yangu itadaka wito huo, itafanya hesabu polepole kwa njia ya kawaida, kisha itarudisha jibu kana kwamba chipu ipo. Bruda alinitazama kama mtu aliyeambiwa kwamba mbuzi anaweza kufundishwa kutaga. Lakini kuagiza chipu yenyewe kungechukua muda mrefu, naye alikuwa na vijiji vinamsubiri. Akasema nijaribu.

Nilikuwa na kurasa za kitabu cha chipu ile nilizotoa kopi chuoni. Kujumlisha, kuzidisha na kutafuta kipeuo hakukunisumbua sana. Kilichonisumbua ni sura ya mwisho, inayoeleza thamani zisizo za kawaida. Ukigawa moja kwa sifuri, kitabu kilisema, chipu haigomi. Inatoa kitu kinachoitwa "isiyo na mwisho" na kuendelea na kazi. Ukigawa sifuri kwa sifuri, inatoa kitu kinachoitwa "si namba". Hii ya pili ilikuwa na tabia za ajabu. Ukiijumlisha na chochote, jibu ni "si namba". Ukiuliza kama ni kubwa kuliko kumi, jibu ni hapana. Ni ndogo kuliko kumi? Hapana. Ni sawa na yenyewe? Hapana vilevile. Niliposoma hapo nilicheka peke yangu ofisini, nikidhani waliotunga walikuwa wamelewa.

Hawakuwa wamelewa. Ilikuwa ni namna ya chipu kusema sijui, na kuhakikisha kwamba kila hesabu itakayojengwa juu ya sijui hiyo nayo itasema sijui, hadi mwisho wa karatasi. Niliandika hivyo hivyo kama kitabu kilivyotaka. Programu yangu ilipofanya kazi kwa mara ya kwanza nilitoka nje nikazunguka karakana ya misheni mara kadhaa kwa furaha, mafundi seremala wakaacha randa zao wakinishangaa. Sijawahi kujipenda kama siku ile.

Bruda akaita watu waje kuona. Alikuja Baba Paroko, wakaja na wageni wawili kutoka jimboni, wanaume wa makamo wenye viatu vilivyong'arishwa. Niliingiza vipimo vya kijiji kimoja cha kuelekea Tingi, ambavyo havikuwa vimekamilika. Printa ikapiga kelele, karatasi ikatoka. Nusu ya juu ilikuwa namba safi. Nusu ya chini ilikuwa nukta na alama za reli, hizi #, mstari baada ya mstari, kama kuku amekanyaga wino.

"Takataka gani hizi?" Bruda akauliza.

Nilijua hasa ni nini. Nilitakiwa kusema: hapa mashine inatuambia haijui, kuna kipimo kimekosekana. Lakini mgeni mmoja alikuwa ameshatabasamu kwa pembe ya mdomo, lile tabasamu la mtu anayemwonea huruma binti wa kijijini aliyejaribu. Aibu ikanipanda kutoka shingoni hadi masikioni. Nikasema, "Bado naisafisha, Bruda."

Na nikaisafisha. Jioni ileile nilibadilisha mahali padogo tu katika programu yangu: popote jibu linapokuwa "si namba", weka sifuri. Karatasi ikatoka nyeupe na nadhifu. Bruda akafurahi.

Sitaki kumsingizia marehemu babu yangu, lakini nilijua nimetoa wapi adabu hiyo. Kwetu Umatengo wanaume wa ukoo walikuwa wanakula pamoja kwa mzee wao, mahali tunapopaita sengu, na hapohapo mashauri yanaamuliwa na watoto wanafundwa. Mimi nilikuwa napeleka maji ya kunawa. Babu alikuwa na mchezo wa kutuuliza maswali: mvua itaanza lini, mbuzi wa jirani wamepita wapi, mgeni aliyekuja jana anatoka ukoo gani. Aliyejibu kwa sauti alisifiwa hata kama amekosea. Aliyejibu sijui alirudishwa jikoni huku wengine wakimcheka. Mimi sikuwahi kurudishwa jikoni. Nilijifunza mapema kwamba jibu lolote ni bora kuliko kukaa bila jibu, na nilipopata mashine ya kuilea, nikailea nilivyolelewa.

Kijiji kilichofuata kilikuwa chetu. Wafanyakazi walichomeka vigingi kutoka kwenye chemchemi, vikapanda na kushuka migongo ya vilima hadi kitongoji cha chini anakoishi mama. Baada ya muda fundi wa vipimo akaja kutoka Songea, akapita na darubini yake ya kupimia na kamba, akaandika umbali na kimo cha kila kigingi. Akaniachia karatasi zake, akapanda gari akaenda zake. Mimi nikaingiza namba zote kwenye mashine. Karatasi ikatoka safi, bila doa, na kwenye kilula cha mwisho, kilichokuwa karibu kabisa na nyumba yetu, maji yalionekana kuwa na nguvu ya kutosha na kubaki.

Watu wakachimba mtaro. Kila kaya ilipewa kipande chake, wanaume kwa wanawake, siku za kazi ya kijiji, kwenye udongo mwekundu unaonata kwenye jembe. Chama cha ushirika kilikuwa hoi, kahawa ilikuwa inanunuliwa na watu wa magari madogo wanaokuja na kuondoka, mbolea ilikuwa haishikiki. Maji ndiyo kitu pekee ambacho watu walikiona kwa macho kwamba kinakuja. Mama alichimba kipande chake na kipande cha jirani aliyekuwa anaumwa. Alikuwa anawaambia wenzake kwamba vipimo vyote vimetoka kichwani mwa binti yake, na binti hajapumzika hata siku moja. Nilimsikia, nikavimba kichwa.

Siku ya kufungua maji, vilula vya juu vilitoka vizuri. Watoto wakaogeshwa na nguo zao. Tukateremka na msafara hadi kitongoji cha chini, mama akiwa ametangulia na ndoo mpya ya bluu. Mwenyekiti wa kamati ya maji, ambaye kiukoo ni baba yangu mdogo, akafungua kilula. Kikakoroma. Kikatoa upepo, kikatema mate ya matope, kikanyamaza. Tukasubiri. Baba mdogo akakifunga, akakifungua tena, akakigonga kwa kiganja. Mwimbishaji wa kwaya, ambaye alikuwa ameshanyanyua mikono, akaishusha taratibu. Watu hawakunitukana, hawakuninung'unikia. Waligeuka tu wakanitazama mimi, wakisubiri niseme. Nikasema labda kuna hewa kwenye bomba.

Haikuwa hewa. Kesho yake nilipanda kufuata mtaro na karatasi za fundi mkononi, kigingi kwa kigingi. Katikati ya njia, kwenye shamba la mama mwenyewe, bomba lilipita juu ya mgongo wa kilima ambao kwenye karatasi haukuwepo. Maji yalikuwa yanafika chini ya mwinuko huo na kushindwa kuupanda. Kigingi cha pale juu hakikuwepo. Nilikikuta bondeni, kimefungwa kwa kamba ya mgomba kwenye kigingi kinachofuata, vimekumbatiana kama maharusi. Nikatazama karatasi: fundi alikuwa ameandika alichokiona. Kutoka kigingi kimoja hadi cha pili, umbali sifuri, tofauti ya kimo sifuri. Yule bwana alipima palipo na kigingi, hakupima palipo na kilima, na bila shaka alidhani ofisi itauliza.

Ofisi nilikuwa mimi. Programu hugawa tofauti ya kimo kwa umbali: sifuri kwa sifuri. Nilirudi mjini kwa miguu yenye matope, nikaiondoa ile amri yangu ya kuweka sifuri, nikaingiza vipimo vilevile upya. Kuanzia shamba la mama hadi kilula cha mwisho karatasi ilijaa alama za reli. Mashine ingekuwa imepiga kelele kabla jembe la kwanza halijagusa ardhi. Nililia pale ofisini, na si kwa sababu ya maji. Nililia kwa sababu ya vile nilivyokuwa nimejipenda.

Kabla sijapata ujasiri wa kumwona Bruda, habari ya kigingi ilikuwa imeshafika kijijini. Wakati wa kuchimba ngolo, yale mashimo tunayochimba kwenye miteremko ili mvua isibebe udongo, wanaume hupanga nyasi na wanawake hufukia na kuchimba. Kigingi kilikuwa kimesimama katikati ya shimo la mtu. Kamati ikaitisha mkutano kwenye darasa la shule ya msingi, na kabla hata Mwenyekiti hajamaliza kufungua kikao, mama alikuwa ameshasimama kati ya madawati na kanga yake ya kanisani.

"Ni mimi," alisema. "Kilikuwa kwenye ngolo yangu. Nikakitoa, nikakifunga kwa mwenzake kisije kikapotea, maana ni mali ya mradi. Nilidhani nakitunza. Naomba mnisamehe."

Darasa lilinguruma. Mwanamume mmoja wa kitongoji cha chini, aliyekuwa amechimba mtaro wiki nzima na mgongo mbovu, akauliza kama watu wazima nao wanahitaji kuandikiwa bango la usiguse. Mwingine akasema wanawake wa upande ule ndivyo walivyo. Mama alikuwa amesimama anatazama sakafu, mikono ameifumbata tumboni, kama mtoto aliyeitwa mbele. Sikuweza kukaa.

"Baba mdogo, naomba kusema," nikasimama. "Kosa si la mama. Vigingi vinahama kila mahali, na mashine ina namna ya kutambua kipimo kisichoeleweka. Ilipofika pale ilitakiwa kusema haijui. Ingesema, tungekuja kutazama. Mimi ndiye niliyeikataza kusema. Niliona aibu mbele ya wageni, nikaifundisha iweke sifuri."

Baba mdogo akavua miwani.

"Mwanangu, mashine inaweza kusema haijui?"

"Ndiyo, baba mdogo. Imeandikwa kwenye kitabu chake."

"Imetengenezwa na Wazungu, imeletwa mpaka hapa, ili iseme haijui?"

Watu wakacheka, si kwa ubaya. Bibi mmoja nyuma akapiga kigelegele. "Huyo ndiye mtoto!" akasema. "Mmemwona? Anajitwika mzigo wa mama yake!" Na wengine wakadakia: huyo amelelewa, huyo hajaharibiwa na Dar es Salaam. Nikasema hapana, nisikilizeni, si hivyo. Nikachukua chaki, nikaandika ubaoni sifuri, nikachora mstari, nikaandika sifuri nyingine chini yake. Mwalimu mkuu akatabasamu kwa masikitiko akatikisa kichwa. Nikamgeukia Bruda. Nilijua yeye ataelewa.

Bruda akasimama taratibu, akasema kwa Kiswahili chake cha kupanga maneno moja moja kwamba kompyuta hufuata inachopewa, na ilipewa kigingi kilichohamishwa. Akasema amefanya kazi nami na anajua bidii yangu, nami nisijilaumu. Alikuwa anasema kweli yote anayoijua. Alikuwa ameshasahau karatasi ile yenye alama za reli. Kwake ilikuwa karatasi moja kati ya nyingi. Kadiri nilivyopaza sauti ndivyo walivyozidi kunihurumia, na kadiri walivyonihurumia ndivyo sauti yangu ilivyokatika, mpaka nikaanza kulia, na kilio hicho kikamaliza ubishi wote. Hakuna aliyebaki na shaka kwamba mimi ni binti mwema.

Uamuzi ukatolewa. Mtaro uzungushwe chini ya ule mwinuko, na wanawake wa kitongoji cha chini ndio watakaouchimba, kwa sababu kigingi kimeng'olewa na mikono yao. Kisha baba mdogo akaongeza, akinitazama kwa fahari, kwamba kwa heshima ya binti, kipande cha mama kipunguzwe nusu. Watu wakapiga makofi. Nilitamani ardhi ipasuke. Nimewahi kuaibika kwa kukosea, na mtu huzoea. Lakini kupigiwa makofi kwa kosa lako mwenyewe, huku aliyehukumiwa anakushika mkono mkitoka nje, sijui mtu anaweka wapi kitu kama hicho.

Nilikwenda kuchimba nao. Wanawake walinipokea vizuri kupita kiasi, wakanipa mahali pasipo na mawe, wakawa wananitania kuhusu viganja vyangu vya ofisini. Mchana tukala ugali na maharage na usipa, dagaa wa ziwani, mtu fulani akaniwekea usipa mwingi kuliko wengine. Mama hakukubali kupunguziwa. Alimaliza nusu yake, akaingia kwenye nusu aliyosamehewa, akawa anachimba kwa mwendo wake uleule wa shambani, bila haraka na bila kusimama. Mimi nilikuwa nyuma yake natoa udongo.

Wenzetu walipotangulia mtoni kunawa, akaegemea jembe.

"Mama," akaniita, maana ndivyo alivyozoea kuniita, "sijakushukuru kwa siku ile."

"Siku ipi?"

"Pale darasani. Ulivyosema ni wewe." Akafuta jasho kwa ncha ya kanga. "Mimi sikukulea useme uongo, unajua. Baba yako angekuwepo angekasirika. Lakini uongo ule Mungu ataupokea. Nimeshamwambia Baba Paroko, nimetoa nia ya misa Jumapili, usihesabiwe dhambi."

Nilifungua mdomo nimweleze. Nilikuwa nimeshapanga maneno, mepesi kuliko yale ya darasani, bila chaki, bila sifuri. Alikuwa ananitazama akiwa na udongo mwekundu hadi kwenye magoti, amechoka, na usoni mwake kulikuwa na raha ambayo sikuwa nimeiona tangu niliporudi bila kazi.

"Asante, mama," nikamwambia.